Waya mpya wa hedifoni: pesa yako inanunua nini?

Katika hedifoni yoyote, waya ndio unaotangulia kufa. Spika za ndani huweza kukaa miaka na miaka zikipiga vizuri tu, ilhali waya unakunjwa, unakanyagwa na gurudumu la kiti, unavutwa mtu akiinuka ghafla, unalowa jasho. Natengeneza vifaa vya sauti hapa Mwanza, na wengi wanaoniletea hedifoni zilizokufa upande mmoja ni watu wanaozitegemea kwa riziki: watangazaji, maprodyuza wa studio za mitaani kuanzia Igoma hadi Kirumba, wapiga kinanda wa kwaya, wanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu cha SAUT. Swali lao huwa moja: "Fundi, maadamu nabadilisha waya, si bora nichukue ule wa madini ya fedha wa mtandaoni, sauti ipande kabisa?"

Waya badilisha, tena usichelewe. Lakini pesa yako itumie kununua urefu unaokufaa, ulaini, pini inayokaa sawasawa na shaba ya kweli. Sauti mpya hutaikuta humo, isipokuwa katika hali chache ambazo nitazieleza kwa kirefu, maana zipo na anayezikuta anapaswa kuzijua.

Tuanze na hesabu, ndiyo inayomaliza ubishi. Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.4 una ukinzani, yaani unauzuia umeme, wa takriban omu 0.13 kwa kila mita. Kama waya wako una urefu wa mita 3, umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 6: jumla karibu omu 0.8. Sasa chukua hedifoni kama Sennheiser HD 600, yenye omu 300. Hizo 0.8 mbele ya 300 zinapunguza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.02, na hakuna sikio linaloweza kugundua kiasi hicho. Kwa hedifoni ya omu 32 upungufu unafika desibeli 0.2, nao unashusha karibu kila kitu kwa pamoja, besi (sauti nzito) na trebo (sauti nyembamba). Unaongeza sauti kidogo, mambo yanarudi yalipokuwa.

Fedha je? Inapitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia 5 au 6 hivi. Ukitengeneza waya ule ule kwa fedha tupu, omu 0.8 inakuwa 0.76. Hiyo ndiyo tofauti yote unayoilipia. Wauzaji wengine huongeza kwamba umeme wa sauti za juu hukimbilia ngozi ya waya, eti ndiyo maana unahitaji nyuzi za namna fulani. Jambo lenyewe ni la kweli, na kwenye mawimbi ya redio lina uzito mkubwa. Lakini kwenye hezi 20,000, ambako usikivu wa binadamu unaishia, umeme huingia ndani ya shaba karibu milimita 0.46 kutoka juu. Waya wetu, kutoka ngozi hadi kiini, ni milimita 0.2. Umeme umeshaujaza wote, wala hauna mahali pa kukimbilia.

Basi mbona watu wenye masikio mazuri kabisa wanabadilisha waya na kuapa kwamba wamesikia tofauti? Mimi siwabishii hata kidogo. Wengi wao wamesikia kweli. Alikuja prodyuza mmoja kijana kutoka Buzuruga, ana hedifoni anayoipenda na waya mpya uliofumwa vizuri, mweupe unang'aa. Akaniambia, "Kaka, huu waya umefungua trebo yote, na kulia na kushoto kumeachana. Nisikilizie."

Nikamwomba na ule waya wa zamani. Nikaupima kwa mita ya umeme, huku nikiupindapinda taratibu kwenye shingo ya pini. Namba zikawa zinaruka: mara chini ya omu moja, mara tatu, mara tano, kisha zinarudi. Nyuzi nyingi mle ndani zilikuwa zimeshakatika, zimebaki chache zinazoshikilia kwa kugusana. Nikakata pale, nikachoma pini mpya kwenye ule ule waya wa zamani, nikampa tena. Akasikiliza mmoja, akasikiliza mwingine, nikawa nabadilisha mimi bila yeye kuona, sauti zikiwa zimelinganishwa kwa kupima na si kwa kukisia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, hapa siwezi kukudanganya, sijui upi ni upi." Alichokuwa amesikia mwanzoni kilikuwa afya ya waya mzima dhidi ya ugonjwa wa waya uliochoka. Ninaamini hadithi nyingi za nyaya za ajabu zinaanzia hapo.

Ule ulinganishaji wa sauti usiuchukulie kirahisi. Sikio likipewa vitu viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa juu kwa robo ya desibeli tu, mara nyingi litakichagua hicho na kusema ni kisafi zaidi, si kwamba kina sauti kubwa. Tena kuchomoa waya na kuchomeka mwingine kunachukua muda, na kumbukumbu ya masikio kwa vitu vidogo hivyo haivumilii kungoja.

Sasa zile hali ambazo waya unasikika.

Ya kwanza ni njia ya kurudi. Tazama pini ya milimita 3.5 ya hedifoni: ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, na shina refu ni njia ya kurudi ambayo pande zote mbili zinaichangia. Kama kipande kinachochangiwa kina ukinzani wa omu 0.2 tu na hedifoni ni ya omu 32, sauti ya kushoto inavujia kulia ikiwa chini kwa desibeli 44, jambo ambalo halimsumbui mtu. Lakini maungio yakioza, ukinzani ukafika omu 3, kuvuja kunapanda hadi karibu desibeli 21 chini. Hapo upana wa muziki unabana, kila kitu kinasogea katikati. Njia hiyo ikikatika kabisa utakutana na kituko: sauti ya mwimbaji inapotea, unabaki na mwangwi wake, vinanda vya pembeni na vigelegele. Watu huniletea hedifoni ya namna hiyo wakidhani spika zimeungua. Spika ni nzima. Zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine bila kupenda, kwa hiyo unasikia tofauti kati ya kushoto na kulia, na mwimbaji, aliye sawa pande zote, anajifuta. Waya wenye nyuzi nne, kila upande na njia yake ya kurudi hadi kwenye pini, unaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, na mimi huupendekeza hata kwa hedifoni za kawaida.

Ya pili inawahusu waimbaji na wapigaji wanaovaa iafoni za jukwaani, zile zenye spika ndogo kadhaa katika kila sikio. Omu za iafoni hizo hazitulii. Iafoni moja inaweza kushuka hadi omu 8 kwenye sauti za namna fulani na kupanda hadi 40 kwenye nyingine. Mpe huyo waya mwembamba wenye omu 1: pale penye 8 unakula desibeli 1 nzima, pale penye 40 unakula desibeli 0.2 tu. Umbo la sauti limebadilika, na mwimbaji makini atalisikia. Hapa unene wa shaba una kazi, na ningekuambia utafute waya usiozidi omu 0.3 kwenda na kurudi. Angalia lakini kwamba unene ndio unaofanya kazi. Shaba ya kawaida ya bei ya kawaida inatosha kabisa.

Nje ya hapo, faida ya waya mpya iko mikononi na mabegani, na faida hiyo naipenda sana kwa sababu mtu anaitumia siku nzima. Mtangazaji anayekwenda kurekodi wavuvi na akina mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hana haja ya waya wa studio wa mita 3. Utaburuzika kwenye maji ya samaki, utanasa kwenye kichanja, na mtu akiupitia kwa mguu kinasa sauti kinadondoka. Mpe wa mita 1.2. Aliye kwenye chumba cha kurekodia naye anahitaji mrefu, ila asichukue uliofumwa kwa kitambaa kigumu: unaposugua shati, mkwaruzo unapanda kwenye waya hadi sikioni. Mpira laini unanyamaza vizuri zaidi. Ulaini huo upime dukani kwa kuukunja na kuuachia; ukibaki na umbo la boksi lake, utakusumbua.

Kuna suala la jasho na unyevu wa huku ziwani. Nyaya zenye ganda linaloonyesha ndani hupendeza zikiwa mpya, kisha shaba inaanza kuwa kijani, hasa sehemu inayopita nyuma ya sikio. Hiyo rangi haiui sauti mara moja. Ila ganda lenyewe likishakakamaa kwa jasho na mafuta ya ngozi, linapasuka, na hapo ndipo nyuzi zinapoanza kukatika.

Kabla hujatoa pesa Makoroboi au kwingineko, hakikisha unanunua shaba. Zipo nyaya za chuma zilizopakwa shaba, na za alumini zilizopakwa shaba. Ya chuma inajulikana kwa sumaku ndogo: ikinasa, achana nayo. Ya alumini, kwangua uzi mmoja kwa ncha ya wembe; ukiona weupe chini ya wekundu, umeshajua. Alumini inakatika upesi ikikunjwakunjwa na haishiki vizuri risasi, ile inayoyeyushwa kuunganisha nyaya. Kisha pima. Gusanisha kwanza ncha mbili za mita na ukumbuke namba inayosoma, labda 0.2 au 0.3, maana hizo ni omu za nyaya za mita yenyewe. Pima waya, toa namba hiyo, halafu upinde kwenye shingo zote mbili ukitazama kioo. Namba ikitulia, waya ni mzima.

Pini ndizo zinazowapoteza wengi. HD 600 na HD 650 zina vijiti viwili, kimoja kinene kuliko kingine, kwa hiyo havigeuziki. Audio-Technica ATH-M50x inatumia pini ya milimita 2.5 inayozungushwa ikajifunga. Pini nyingine ya 2.5 yenye mwili mnene haifiki ndani ya tundu lake. AKG K240 ina mini XLR ya vijiti vitatu. Shure SE215 inatumia MMCX, ile ya kubofya inayozunguka. Iafoni nyingi za KZ, ambazo vijana wengi wanazo, zina vijiti vya milimita 0.75. Ukilazimisha vya 0.78, tundu linapanuka, na siku ukirudisha waya wa mwanzo utakuwa unapwaya.

Sony MDR-7506 na Beyerdynamic DT 770 Pro ya kawaida waya wake umefungwa moja kwa moja ndani. Watu huniomba niweke tundu ili waya uwe wa kuchomoa, nami hukubali kama kuna nafasi, kwa sababu mtu wa kazi akikata waya usiku anachomeka mwingine na kuendelea. Cha kuangalia ni kuziba vizuri pembeni mwa tundu hilo. Hedifoni zilizofunikwa zinategemea hewa iliyomo ndani. Ikipata pa kuvujia, besi inashuka.

Ukitaka kuchoma pini mwenyewe, ujue nyuzi za ndani mara nyingi zimepakwa vanishi ya rangi: kijani, nyekundu, na nyingine rangi ya shaba, zimesokotwa pamoja na uzi wa nailoni. Aghalabu kijani ni kushoto, nyekundu ni kulia, rangi ya shaba ni njia ya kurudi, ila thibitisha kwa mita. Risasi haitashika juu ya vanishi. Weka tone la risasi kwenye ncha ya chuma cha kuchomea, zamisha mwisho wa uzi humo, subiri. Moshi mdogo utatoka, vanishi itaungua, na utaona shaba inageuka fedha ghafla. Uzi wa nailoni ukate kwanza, usiuache uingie kwenye risasi.

Jihadhari na nyaya za balansi, zile ambazo kila upande una njia yake ya kurudi hadi ndani ya amplifaya, za pini ya milimita 2.5 au 4.4. Zinafaa kama amplifaya yako ina tundu hilo, maana mara nyingi tundu hilo lina nguvu zaidi. Lakini usichukue hedifoni ya pini ya kawaida ukaichomeka kwenye tundu la balansi kwa kutumia adapta. Njia mbili za hasi zitagusana ndani ya pini, na amplifaya nyingi hazitengenezwi kuhimili hilo.

Waya mpya ukishaingia, piga rekodi ya sauti moja ya mtu anayezungumza, iliyo sawa pande zote mbili. Inatakiwa isimame katikati ya kichwa, imara. Ikiwa imetawanyika, besi imenyauka na huwezi kuonyesha inakotoka, pini ya upande mmoja imegeuzwa. Kwa iafoni za vijiti viwili, ichomoe taratibu, igeuze, irudishe.