Taa ya breki ikiwaka, usikimbilie kuongeza mafuta

"Fundi, niongezee mafuta ya breki kidogo tu, taa imewaka, na tuna haraka."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Toyota IST ya rangi ya fedha, dada mmoja kwenye usukani, watoto wawili nyuma, wanapanda Lushoto msibani. Gereji yangu iko Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu, kwa hiyo ombi hilo silisikii mara moja kwa mwaka. Nalisikia kila wiki, na kila wiki naeleza upya. Leo naandika, ili nikiulizwa tena nitume hapa.

Injini inaweza kula oili. Breki haili mafuta. Mfumo wa breki umefungwa: kikopo cha mafuta, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli), paipu, hozi, kalipa (inayobana pedi kwenye diski) na silinda za nyuma, basi. Mafuta yakishuka kwenye kikopo ni ama pedi zimeisha, ama kuna mahali panavuja, na kwa gari la manyuo, kwenye kuvuja hesabu na klachi kama inachota kwenye kikopo hichohicho. Hakuna sababu ya tatu. Lakini watu wanayachukulia kama maji ya waipa.

Hapa kwenye pedi ndipo wengi wanapopotea, hata mafundi wenzangu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ndani ya kalipa kuna pistoni, na pistoni imezungukwa na sili ya mpira. Ukikanyaga, mafuta yanaisukuma pistoni, mpira unapinda nayo. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, kiasi tu cha pedi kuacha kuibana diski. Pedi ikilika, pistoni inateleza mbele ndani ya mpira na kubaki hukohuko mbele. Nyuma yake pameongezeka nafasi, na nafasi hiyo inajazwa na mafuta kutoka kwenye kikopo. Piga hesabu: pistoni ya kipenyo cha milimita 50, pedi mbili zimelika milimita 8 kila moja, maana yake pistoni imesogea milimita 16. Hapo kalipa moja imemeza mililita 31 hivi. Kwa magurudumu mawili ya mbele ni kama mililita 60, vijiko vinne vya chakula. Kwenye kikopo kidogo cha gari dogo, hicho ndicho kiasi kinachoshusha boya na kuwasha taa.

Kwa hiyo taa ile mara nyingi inakuambia pedi zimekwisha. Ukiongeza mafuta, boya linaelea, taa inazima, na pedi ziko vilevile. Umemnyamazisha shahidi.

Nilimwambia dada yule nataka kufungua tairi kwanza. Akasema, "Lakini fundi wa nyumbani aliongeza mwezi uliopita na taa ikazima." Ndiyo hayo hasa ninayoyasema. Nikazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikanyanyua kwa jeki, nikaweka stendi. (Sitalirefusha hili: hakuna kuingiza mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huchoka bila kuaga.) Tairi la mbele kushoto lilipotoka, pedi ya nje ilikuwa na milimita 5. Pedi ya ndani ilikuwa chuma kitupu, na diski ina mifereji ambayo ukucha unazama.

Pedi mbili za kalipa moja zisipolika sawa, usibadilishe pedi ukaondoka. Kalipa ya aina hii inaelea juu ya pini mbili. Pini ikikauka, kalipa haitelezi, pistoni inabana pedi ya ndani peke yake na ya nje inasindikiza tu. Pini ya chini ya gari lile niliitoa kwa kuizungusha na koleo, ina kutu ya kahawia, na kifuniko chake cha mpira kimechanika. Niliisafisha, nikaweka mpira mpya na grisi ya silikoni. Ile grisi ya kawaida ya beringi usiiweke hapo. Inavimbisha mpira, na baada ya miezi michache pini inakwama kuliko mwanzo. Pistoni yenyewe ilirudi ndani kwa mkono na klampu bila kubisha, kwa hiyo niliiacha. Ingebisha, ningeifungua na kubadilisha sili. Diski ilibadilishwa, na ya upande wa pili pia, maana unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe na hizi zilishaupita. Pedi nabadilisha pande zote mbili zikibaki milimita 3. Kwa mtu anayepanda mlima kila wiki sisubiri, hata 4 nabadilisha.

Mambo mengine nayataja haraka. Usiache kalipa inaning'inia kwa hozi, ifunge kwa waya. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa. Ukimaliza, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Nimeona gari likitoka gereji moja kwa moja hadi ukutani kwa kusahau hilo.

Turudi kwenye mafuta. Niliporudisha pistoni ndani, mafuta yote yaliyoongezwa mwezi ule yalipanda. Nisingenyonya kikopo kwanza kwa bomba la sindano, yangemwagika kwenye rangi ya gari, na mafuta haya yanakula rangi. Niliyoyanyonya yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyochacha. Nikamwambia haya yote yanatoka.

Hapo ndipo watu huona fundi anatafuta hela. Lakini mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu hewani, hata kupitia hozi. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango kinaruhusu ishuke hadi 140. DOT 4 ni 230, ikilowa 155. Sasa tazama mlima wetu. Kutoka Lushoto hadi hapa Mombo unashuka zaidi ya mita 900. Gari dogo lenye watu, tani moja na robo, linashuka na nguvu ambayo yote ikigeuka joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji. Injini ikisaidiwa na gia ndogo inachukua sehemu, upepo unachukua sehemu. Anayeshuka kwa gia ya D huku kakanyaga breki tangu Soni, katikati ya njia, sehemu kubwa anaipeleka kwenye kalipa.

Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo mguu unaubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Mzee mmoja aliwahi kufika kwangu pedeli inagusa sakafu, amesimamisha gari kwa handibreki, mikono inatetemeka. Tukampa kiti na maji. Baada ya nusu saa akakanyaga, pedeli ngumu. "Imepona, fundi, naenda." Haikupona. Ilipoa, mvuke ukarudi kuwa maji, na maji yale bado yamo humo, yanamsubiri mteremko mwingine. Nilimshika mkono, sikumruhusu.

Vitabu vingi vinasema badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili. Nafuata hivyo, ila siamini kwamba gari la pwani na gari la Dodoma yanalowa sawa, na kile kipimo cha kalamu chenye taa za rangi, cha kupima maji kwenye mafuta, kimewahi kunipa majibu mawili kwenye kikopo kimoja, kwa hiyo sikiachii kazi ya kuamua. Kwa wanaoshuka mlima huu nasema mwaka mmoja na nusu, na sina karatasi ya kunitetea zaidi ya niliyoyaona.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mfumo, pia kuna ubishi. Vitabu vingi vimeandikiwa magari ya usukani kushoto, vinasema anza nyuma kulia. Kanuni yenyewe ni kuanza mbali na masta silinda. Magari yetu usukani uko kulia, masta iko kulia, kwa hiyo mimi naanza nyuma kushoto, isipokuwa mwongozo wa gari umesema vingine. Na msaidizi wangu haruhusiwi kukanyaga pedeli hadi sakafuni. Naweka kipande cha ubao chini yake. Masta ya zamani ina sehemu ambayo sili haijawahi kufika, imejaa kutu na uchafu. Ukiisukuma huko inachanika, na mteja anarudi kesho akisema umeharibu gari lake. Wenzangu wengine wanasema naogopa bure. Ubao nitaendelea kuuweka.

Ukikuta mtu amemimina oili ya pawa stering au ya haidroliki, hapo hakuna cha kutoa upepo. Mipira yote imevimba, inabadilishwa yote.

Dada yule alichelewa kwa muda wa saa tatu. Wakati wa kuondoka akaona chupa yangu ya DOT 3 imebaki robo, akaniomba aibebe ya kuongezea njiani. Sikumpa. Chupa ikishafunguliwa inanyonya unyevu kama kikopo chenyewe. Badala yake nilichukua makapeni, nikachora mstari mweusi kwenye kikopo pale mafuta yalipoishia pedi zikiwa mpya, nikaandika tarehe pembeni. Nikamwambia: yakishuka chini ya mstari huu taratibu kwa miezi, njoo tupime pedi. Yakishuka kwa wiki moja, usije. Nipigie, nitakufuata ulipo.