Je, wajua ukimuazima mtu gari na akagonga, bima inayolipa ni ya nani?

Wengi hujibu haraka haraka: ya aliyeshika usukani. Na ukisikia unaona kama ina mantiki, kaka yako ana gari lake, kalikatia bima kubwa, sasa akichukua la kwako akagonga si bima yake ndo itamlipia? Mara nyingi hapana. Bima ya gari sehemu nyingi duniani imefungwa kwenye gari na namba zake za usajili, haimfuati mtu kila anapokwenda, kwa hiyo kaka akigonga na gari lako inayoguswa kwanza ni bima yako wewe ambaye muda huo ulikuwa umelala zako nyumbani. Marekani kwa kawaida bima ya kaka inaweza kuja baadaye, kama deni limezidi kiwango cha ya kwako, lakini inakuja nyuma, sio mbele.

Hii imani ina pacha wake na huyo ndo hatari zaidi: "gari lina bima kubwa bwana, yeyote aendeshe tu." Bima kubwa inaongeza vitu vinavyolipiwa, gari lako lenyewe, moto, wizi na kadhalika, haiongezi watu wanaoruhusiwa kuendesha. Hayo ni maswali mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku.

Chukua cheti cha bima ukisome. Kwenye nchi nyingi zilizofuata mfumo wa sheria wa Uingereza kina sehemu mbili ambazo karibu kila mtu anaziruka. Ya kwanza inataja nani anaruhusiwa kuendesha, na maneno huwa yanafanana sana: mwenye bima, na mtu mwingine yeyote anayeendesha kwa agizo au ruhusa yake, mradi ana leseni inayokubalika na hajafungiwa na mahakama kuendesha. Ya pili inataja matumizi: shughuli binafsi na za nyumbani, sio kubeba abiria wa kulipa. Sasa shemeji kaja kuazima gari ampeleke mtoto hospitali, ruhusa umempa, leseni anayo, safi kabisa. Wakati wa kurudi kaona watu wamesimama njiani, kapakia wanne kwa nauli ili arudishe hela ya mafuta. Dereva ni yuleyule na gari ni lilelile, ila ile sehemu ya pili ya cheti imeshavunjwa na wewe huna habari.

Ila kuna vyeti vingine havina hayo maneno ya "yeyote mwenye ruhusa", vinataja majina tu. Uingereza kwenyewe ndo mtindo uliozoeleka, na asiyetajwa hana bima hata kama ni mama yako mzazi. Halafu wana kitu cha ajabu kidogo, baadhi ya bima zao zinamruhusu mwenye bima kuendesha gari la mtu mwingine kwa kiwango cha bima ndogo peke yake, ile inayomlipa aliyegongwa tu. Maana yake anaweza kuendesha gari lako kihalali kabisa, akaligonga, aliyegongwa akalipwa, na gari lako likabaki chuma chakavu bila wa kulilipia.

Sasa tuje kwenye kilicho ndani hasa. Bima ya gari ni ahadi mbili kwenye karatasi moja: moja ni kwa watu utakaowaumiza au kuwaharibia mali, na hiyo inalazimishwa na sheria, nyingine ni kwa gari lako na hiyo ni makubaliano yenu tu. Ile ya kwanza inafanya kazi kama mdhamini wa mkopo. Mkopaji akishindwa kulipa, mdhamini hawezi kumwambia aliyekopesha "huyu alinidanganya, sihusiki", analipa kwanza, halafu anamgeukia mkopaji amdai. Aliyegongwa ndo aliyekopesha hapo, hana kosa lolote, kwa nini aumie kwa sababu wewe ulimpa ufunguo mtu asiyestahili? Kwa hiyo kampuni inalipa, kisha inakuja kugonga mlango wako. Uingereza hili limeandikwa kabisa, kifungu cha 151 cha sheria ya barabara ya 1988, kampuni inaweza kumdai mwenye bima aliyeruhusu gari liendeshwe na asiye na bima. Ahadi ya pili haina huruma hiyo, masharti yakivunjwa gari lako halilipwi basi.

Na hukohuko Uingereza ndo ilitokea kesi moja ya kuchekesha kama isingekuwa na majeruhi. Mwenye gari kamuachia usukani rafiki yake asiye na bima, yeye kakaa kama abiria, wakagonga na akaumia. Kama abiria, kampuni inatakiwa imlipe. Kama mwenye bima aliyeruhusu, kampuni inatakiwa imdai hela hiyohiyo. Yaani hela inatoka kwa kampuni, inampitia, inarudi kwa kampuni, na yeye anabaki na maumivu yake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2011, Uingereza ikiwa bado mwanachama, ikasema huwezi kumnyima fidia moja kwa moja namna hiyo, lazima hali ya kila kesi iangaliwe.

Kuhusu mtu unayeishi naye, mke, mtoto mkubwa, mdogo wako, kampuni nyingi zinataka atajwe mapema maana huyo sio muazimaji wa siku moja. Ukimficha ili ada iwe ndogo, siku ya madai watauliza gari linalala wapi na nani analiendesha kila asubuhi.

Na hata mambo yakienda vizuri, dereva anaruhusiwa na kampuni imelipa, dai linaandikwa kwa jina lako, kwa hiyo punguzo la ada unalopewa kwa kutodai linaweza kupungua au kufutika, na kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe (kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya mara nyingi kinapandishwa) kinatoka mfukoni mwako. Mkataba haumjui rafiki yako, kwa hiyo kama atakurudishia au la, mtajuana wenyewe.