Lishe inamsaidiaje samaki kuvumilia sumu ya dawa za shamba

Kinga ya lishe kwa samaki maana yake ni hii: chakula alichokula wiki nyingi kabla dawa haijaingia majini ndicho kinaupa mwili nguvu ya kupigana na sumu, asife haraka ama asiumie sana. Haisafishi maji, na vitamini za kumwaga siku ile ile samaki wanakufa hazisaidii kitu.

Hapa Uganda jambo hili linatugusa kabisa juu mabwawa mengi yamechimbwa chini bondeni na huko juu mteremkoni kuna nyanya na kabichi zinapigwa dawa kila saa, mvua kubwa ikinyesha usiku maji yote yanateremkia bwawani, asubuhi unakuta ngege wanazunguka juu juu ya maji, wengine wamelala ubavu mdomo wazi. Saipamethrini, dawa moja ya wadudu kati ya hizo, hiyo hiyo tunayoogeshea ng'ombe kuua kupe, inapitia kwa matamvua na kushika mishipa ya fahamu, na ini la samaki linaivunja polepole sana kuliko la ng'ombe.

Ila dawa hizi zina kazi ya pili isiyoonekana. Ndani ya mwili zinazalisha oksijeni kali inayokula mafuta ya kuta za seli, hasa kwa ini na matamvua, na hapo ndipo chakula kinaingia. Vitamini E inakaa ndani ya yale mafuta, inapigwa yenyewe kwanza, halafu vitamini C inairudisha kazini, na seleniamu, madini ambayo mwili unahitaji kidogo tu, inahitajika kwa kimeng'enya (protini ya kazi ndani ya seli) kinachomaliza makali yanayobaki. Sasa ngege na kambale hawajitengenezei vitamini C hata kidogo, wakiikosa muda mrefu hata mgongo unapinda, so samaki wa kulishwa pumba za mahindi peke yake anakutana na sumu mikono mitupu. Kuna majaribio yalifanywa Misri, sato (aina ya ngege) walichanganyiwa spirulina, mwani mdogo wa majini, kwa chakula halafu wakawekwa kwa maji yenye diazinoni, dawa nyingine ya wadudu, ini lao liliumia kidogo kuliko la wale ambao hawakuipata.

Mimi naona shida yetu kubwa iko kwa stoo. Gunia la chakula limekaa miezi chini kwa sakafu yenye unyevu, chini limeshikana mabonge, lina harufu ya uvundo, hapo vitamini C imeshaisha na kuvu imeweka sumu yake inayoharibu ini, ini lile lile tunalotegemea livunje dawa. Weka magunia juu ya mbao, nunua ya kutosha wiki chache tu, yenye kuvu tupa. Na seleniamu usijipimie mwenyewe, ikizidi inakuwa sumu.

Tena samaki kupona haimaanishi nyama yake iko safi, na wanunuzi wakiogopa sumu wanakataa samaki wote. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu, na wavuvi ambao hawakugusa hiyo sumu walilala njaa pia. Dawa ikiingia bwawani ziba njia ya maji ya mteremko, ingiza maji safi, acha kulisha kwanza, na samaki waliokufa wazike mbali na bwawa, usimpe mtu wala mbwa.