Machi ufukoni: kumsoma ndege anayejiandaa kuondoka

Watazamaji wengi wa ndege wa pwani huisubiri miezi ya Oktoba na Novemba, makundi yanapofika kutoka kaskazini. Mimi ningeitoa Novemba nzima nipewe wiki mbili za mwisho wa Machi. Novemba ndege amevaa kijivu, anakula, analala, basi. Machi ana safari, na safari hiyo inaonekana mwilini mwake: rangi inabadilika, tumbo linashuka, tabia inageuka. Ukijua pa kutazama, unaweza kusimama ufukoni ukasema huyu ataondoka karibuni, yule bado, na yule pale haendi kokote mwaka huu.

Nawazungumzia hasa wale wanaochokoachokoa tope na mchanga maji yakipwa: vitwitwi, vipila na jamaa zao. Kwa kuwa jina la kitwitwi limebeba ndege wengi mno, palipo na haja nitataja jina la kisayansi.

Mwanzo wa machipuko una sura mbili, kutegemea uko wapi. Katika fukwe za tropiki na za kusini ni msimu wa kuaga. Katika fukwe za kaskazini ni wa kupokea: buabua aina ya Thalasseus sandvicensis huanza kuonekana Ulaya mwezi Machi, mapema kuliko buabua wenzake, na kitwitwi mwenye mkufu mweusi kifuani, Charadrius hiaticula, huwa tayari anagombea kipande cha mchanga cha kutagia. Huko angalia unapokanyaga, maana mayai yake yamewekwa juu ya mchanga mtupu na yana madoa yanayofanana nao. Mengine nitakayosema yanahusu zaidi upande wa kuaga, kwa sababu ndio ninaoupenda, na kwa sababu hauandikwi sana.

Kabla ya ndege, maji. Asiyeangalia jedwali la maji kujaa na kupwa atafika ufukoni akute ama bahari tupu ama tope tupu. Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila kujaa huja baada ya lile lililotangulia kwa saa 12 na dakika 25 hivi; kwa hiyo wakati uliokufaa leo, kesho utakuwa umechelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukimbia mbali sana na ndege huyafuata hadi wakawa nukta. Lakini bamvua hiyohiyo ikirudi kujaa hufunika tope lote, na ndege waliokuwa wametawanyika hulazimika kubanana kwenye fungu moja la mchanga lililobaki. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayana fadhila hiyo. Tope halifunikwi lote, hakuna anayelazimika kukusanyika, na utashinda ukiwafukuzia.

Kwa hiyo fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa, chagua mahali jua litakapokuwa mgongoni, kaa chini, usisogee tena. Maji yenyewe yatakuletea ndege. Darubini ya mkononi yenye ukuzaji wa mara 8 inatosha kwa kuanzia, ila kwenye tope pana utaitamani ile kubwa ya kusimamisha juu ya miguu mitatu. Jua likishapanda, hewa juu ya tope huanza kuchezacheza na hakuna kioo, hata kiwe ghali vipi, kitakachokuonyesha rangi ya unyoya. Wengi hulaumu darubini zao hapo.

Sasa rangi. Calidris ferruginea ni mfano mzuri wa kuanzia. Ni kitwitwi mwenye mdomo unaopinda kidogo kwenda chini, ambaye hutaga Siberia kwenye uwanda wa aktiki. Sehemu kubwa ya msimu wa mapumziko ni wa kijivu juu na mweupe chini. Machi yanaanza kutokea madoa mekundu ya tofali kifuani, machache, hayana mpango, utadhani ndege kachafuka. Kila doa ni unyoya mpya uliochukua nafasi ya uliodondoka. Wiki zikienda madoa yanaungana, na kufikia mwisho wa Aprili baadhi yao ni wekundu uso hadi tumbo. Kitwitwi Pluvialis squatarola naye hujaza weusi kuanzia usoni kushuka hadi tumboni, dume akiwa mweusi zaidi ya jike. Katikati ya zoezi hilo ana mabaka tu, na vitabu vingi havina picha yake akiwa hivyo. Usihangaike: msubiri aruke, utazame kwapa lake. Likiwa jeusi, ni yeye, awe amevaa nini.

Manyoya ya mbawa ni habari nyingine. Kwa ndege wazima wengi hayo yameshabadilishwa kabla ya Machi, kwa kuwa hakuna anayeanza safari ndefu akiwa na mapengo kwenye bawa. Ukimwona ndege Aprili mwenye ncha za mbawa zilizochakaa na kupauka, huku mwili wake bado ni wa kijivu, mweke akilini. Nitamrudia.

Rangi, hata hivyo, hudanganya kidogo kwa sababu kila mmoja ana kasi yake. Tumbo ni shahidi mkweli zaidi. Mtazame ndege kwa upande, akiwa amesimama wima na hajajikunyata, ufuate mstari unaotoka kidarini kwenda chini ya mkia. Novemba mstari huo hupanda kuelekea mkia. Ndege aliye tayari, mstari hulala sawa, halafu huvimba chini, hata mkia ukaonekana kama umepachikwa juu ya mfuko. Watafiti hulipa umbo hilo alama kwa ngazi chache, kutoka tumbo lililobonyea hadi lililofura, na hupata picha ya haraka ya hali ya kundi zima bila kumkamata hata ndege mmoja. Ni kazi unayoweza kuifanya wewe. Chagua aina moja, tazama ndege ishirini kila unapokwenda, andika.

Kilichomo ndani ya uvimbe huo ni mafuta, na mafuta ndiyo akiba yenye maana angani: gramu moja hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya protini au wanga, na haihitaji kubebwa pamoja na maji mengi. Katika Limosa lapponica, ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu uliobetuka kidogo kwenda juu, mafuta yanaweza kufikia nusu ya uzito wa mwili au hata kupita. Ili kuyabeba, mwili hupunguza mizigo mingine. Firigisi na utumbo husinyaa siku za mwisho kabla ya kuondoka, kwa kuwa njiani hakutakuwa na chakula cha kusaga, na baada ya kutua hukua tena. Moyo na misuli ya kidari huongezeka. Machi 2007 jike mmoja wa aina hiyo aliyepewa alama E7 na kufungwa kifaa cha satelaiti alitoka New Zealand akatua pwani ya China, kwenye Bahari ya Njano, baada ya zaidi ya kilomita 10,000 bila kupumzika. Si ndege wa bahari huyu. Hawezi kuelea juu ya mawimbi akala samaki. Alichokuwa nacho ni kile alichoondoka nacho.

Ndiyo maana ulaji wa Machi hauna mzaha. Wanakula mchana, wanakula usiku mwezi ukiwepo au usipokuwepo, kwa sababu maji ndiyo yanayopanga ratiba, na ncha ya mdomo wao haihitaji mwanga. Imejaa vishimo vidogo vyenye mishipa ya fahamu inayohisi mtetemo na mgandamizo. Kitwitwi Calidris canutus anaweza kugundua kombe mgumu aliyezikwa kwenye mchanga wenye maji bila kumgusa, kwa kuhisi tu jinsi mgandamizo wa maji unavyobadilika karibu na kitu kigumu. Kisha wengi wao wanaweza kufungua ncha tu ya mdomo, sehemu iliyobaki ikiwa imefumbwa ndani ya tope. Ukimtazama kwa muda utamwona akisita, mdomo umezama hadi usoni, koo likitikisika. Hapo ameshapata.

Wa kuondoka mapema ni wale wenye njia fupi au machipuko ya mapema. Kitwitwi mmoja wa mchangani mwenye mdomo mnene, anayetaga kwenye majangwa ya Asia ya Kati, huanza kuvaa rangi ya chungwa kifuani mnamo Februari na Machi huwa anaondoka. Wa aktiki hawana haraka hiyo. Wakifika kabla ya theluji kuyeyuka mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni watakufa njaa. Kinachowaambia wakati ni urefu wa mchana, lakini karibu na Ikweta mchana haubadiliki vya kutosha kumwambia mtu kitu, na ndege waliofungiwa mahali pasipobadilika mwanga bado huhangaika msimu wa safari unapofika. Saa nyingine iko ndani yao.

Kuna mmoja asiyefuata mkumbo. Dromas ardeola, mla kaa, mweupe na mweusi mwenye mdomo wa kutisha, yuko peke yake katika familia yake. Yeye haendi kwenye baridi, anakwenda kwenye joto: hutaga katika visiwa na fukwe zinazoizunguka Rasi ya Arabuni, kuanzia Aprili, ndani ya shimo alilochimba mchangani, yai moja jeupe. Kwa hiyo Machi makundi yake nayo hupungua Afrika Mashariki, ingawa hutaona badiliko lolote la rangi la kukupa taarifa.

Siku ya kuondoka ina dalili. Mara nyingi ni alasiri kuelekea machweo, baada ya maji kujaa. Kundi linalopaswa kuwa limelala linapiga kelele, wachache wanaoga na kupangusa manyoya kwa bidii, wanaruka, wanatua, wanaruka tena. Halafu ishirini au hamsini hivi wanapanda bila kugeuka, wanapanga mstari au pembe, sauti zao zikibaki nyuma, na hawatui. Ukiwa na upepo unaovuma kuelekea kaskazini jioni hiyo, usiondoke mapema ufukoni. Upepo ukiwa wa mbele, nenda kalale.

Wakishaondoka, maisha yao yananing'inia kwenye vituo vichache. Katika Ghuba ya Delaware, Marekani, Calidris canutus hufika Mei wakiwa wamekwisha, na wanahitaji kufikia takriban gramu 180 kwa wiki chache kwa kula mayai ya Limulus, mnyama wa kale wa baharini anayepanda ufukoni kutaga wakati huohuo. Bahari ya Njano ndiyo kituo cha walio wengi wa mashariki ya Asia na Australia, na huko ukuta wa Saemangeum, wa kilomita 33 nchini Korea Kusini, ulifungwa mwaka 2006 na kulikata tope kubwa na bahari. Vitwitwi aina ya Calidris tenuirostris waliokuwa wakilitegemea walipungua hata Australia, upande wa pili wa njia yao. Na kuna ambao hatutawaona tena: kipila Numenius tenuirostris alithibitishwa kuonekana mara ya mwisho Februari 1995 huko Merja Zerga, Moroko, na mwaka 2025 akatangazwa kuwa ametoweka duniani.

Ukilijua hilo la mafuta, suala la kuwasogelea linajibika lenyewe. Kundi lililobanana kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamejaa halina pa kwenda. Kila ukiliinua, linachoma akiba ya safari. Mpiga picha anayewarusha makusudi ili apate mbawa zilizokunjuliwa simwonei huruma nikimwambia aondoke. Kipimo changu ni vichwa: vikianza kuinuka na vilivyofichwa mgongoni kutolewa, umefika karibu mno, rudi nyuma taratibu.

Tazama miguu pia. Mdenmaki Hans Christian Mortensen alianza kuwavisha ndege pete za chuma zenye namba mwaka 1899, na leo wengi wa pwani wana pete za rangi au vibendera vya plastiki vinavyosomeka kwa mbali. Andika rangi, mguu wa kulia au kushoto wa ndege mwenyewe, juu au chini ya kiungo, na herufi kama zipo. Usiposoma herufi, rangi peke yake mara nyingi zinatosha kujua amevishwa nchi gani. Peleka taarifa kwa mradi wa pete wa nchi uliyopo au wa nchi iliyomvisha.

Na yule wa kijivu mwenye mbawa zilizochakaa? Ni kijana wa mwaka jana. Kwa aina nyingi za vitwitwi na vipila, wa mwaka wa kwanza hawarudi kutaga. Hawavai rangi, au huvaa nusunusu, hawanenepi, na hubaki pwani za kusini hadi wenzao warejee. Mei na Juni watu wengi huacha kwenda ufukoni kwa sababu ndege wameondoka. Waliobaki wahesabu. Wakiwa wengi, mwaka uliopita kaskazini kulikuwa na vifaranga waliopona. Wakiwa haba miaka miwili mfululizo, tatizo liko huko walikozaliwa, na umelijua ukiwa umbali wa maelfu ya kilomita, ukiwa na darubini na daftari.