"Marekebisho stahiki" katika uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unaeleza marekebisho stahiki kuwa ni mabadiliko anayohitaji mtu fulani ili apate haki sawa na wengine, bila kumtwika anayeyafanya mzigo uliopita kiasi. Neno la kushika hapo ni "mtu fulani". Njia ya mteremko mlangoni hujengwa kwa ajili ya yeyote atakayepita, lakini marekebisho haya huanza pale mtu mmoja anapoketi mbele ya muuguzi.

Tuseme ni mwanamke mwenye ulemavu wa akili, amekuja na dada yake. Muuguzi anamtazama dada: "Ataweza kutulia?" Swali limempita mwenye mwili. Rekebisho la kwanza basi ni kumgeukia yeye, na wala halina gharama. Kisha aonyeshwe kile kifaa cha kupanulia uke, akishike, akione kinavyofunguka. Aelezwe kwa picha na sentensi fupi. Wakubaliane kwamba akiinua mkono, kazi inasimama, na akiuinua isimame kweli. Ziara ya kwanza inaweza kuwa ya kukiona chumba tu.

Kipimo cha virusi vya HPV, vinavyoenea kwa kujamiiana na kusababisha karibu saratani zote za aina hii, kimerahisisha mambo: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli ukeni bila kifaa hicho, njia ambayo Shirika la Afya Duniani linaikubali. Ila virusi vikionekana huenda akahitaji kuchunguzwa zaidi, kwa hiyo maandalizi yale hayajapotea bure.

Wanawake wengi wenye ulemavu huo, hata hivyo, hawafiki kwenye chumba hicho. Nyumbani, na wakati mwingine kliniki, watu hudhani "huyu hana mambo hayo". Wanawake wengine huitwa kupimwa kwa sababu ya umri wao. Yeye anawekwa kando kwa dhana ya mtu, ilhali wapo wenye wapenzi, wapo walioolewa, na hatari ya kubakwa kwao ni kubwa kuliko kwa wengine.

Kumshika miguu kwa nguvu "kwa faida yake" si marekebisho. Ana haki ya kukataa. Akikataa, muuguzi aandike kwenye faili kilichomtisha, ili safari ijayo kiondolewe. Pengine ilikuwa ile taa tu.