Mbari ya watu-wanyama: maana yake na jinsi inavyoundwa

Kwa Kiswahili tunasema "fisi amekuja", hatusemi "fisi imekuja". Ngeli ya watu iliwapokea wanyama tangu zamani, na ngano zikaendelea pale sarufi ilipoishia: Sungura ana madeni, Fisi ana jirani anayemdanganya, Kobe anaenda taratibu na anafika. Kwa hiyo Mswahili anapokutana kwa mara ya kwanza na watu-wanyama katika michezo ya kuigiza wahusika, nusu ya njia ameshaimaliza. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Nimeona watu wenye kipaji kikubwa cha kubuni wakikwama hapo, na ndiyo maana nataka kuieleza kwa utulivu.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Watu wanne au watano wanaketi mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo: yeye ndiye mji, msitu, mvua, adui na muuza duka. Kila mmoja wa waliobaki anabeba mhusika mmoja na kusema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka, dadu zinaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na hadi leo ndio unaochezwa zaidi.

Kila mchezaji ana karatasi ya mhusika wake. Karatasi hiyo inajibu maswali mengi, lakini mawili ndiyo ya msingi. La kwanza: umejifunza kazi gani? Hapo ndipo unapoandika kama wewe ni mpiganaji, mchawi, mwizi au mganga. La pili: umezaliwa na mwili gani, na watu gani? Jibu la swali hili la pili ndilo ninaloliita mbari. Neno hilo kwa asili ni ukoo, watu wa chimbuko moja, na nimelichagua kwa sababu linabeba damu na malezi kwa pamoja. "Kabila" lingetuletea siasa zetu mezani, na "spishi" lina harufu ya maabara. Mbari ya watu-wanyama, basi, ni kundi la watu wa kubuniwa ambao miili yao imechukua umbo na tabia za mnyama fulani, lakini wana akili, lugha, majina na nyumba, na mchezaji anaruhusiwa kuwa mmoja wao.

Kishazi hicho cha mwisho ndicho kinachoibadilisha kazi yote. Sungura wa ngano ni mtu mmoja. Ni mjanja leo, atakuwa mjanja kesho, na siku asipokuwa mjanja hadithi imeharibika. Mbari si mtu, ni kalibu. Ndani yake lazima aweze kutoka mwoga, shujaa, mcha Mungu, tapeli, bibi mwenye hasira na kijana anayependa mashairi, na wote wabaki wanafanana kwa jambo fulani. Ukiandika "watu-sungura ni wajanja", umemwandika mhusika mmoja na kumgawia kila mchezaji nakala yake. Ukiandika "watu-sungura husikia hatari kabla ya wengine, na miguu yao huanza kabla ya akili", umeacha nafasi ya ujanja, ya woga, hata ya ushujaa wa mtu anayeilazimisha miguu yake isimame.

Dungeons & Dragons wana watu-sungura wao, harengon, waliotoka mwaka 2021, na kanuni yao kuu ni hiyo hiyo: pigano linapoanza, wana nyongeza katika dadu ya kuamua nani atangulie. Hakuna palipoandikwa kwamba ni wajanja. Watu-paka wao, tabaxi, wanaweza kukimbia maradufu ya mwendo wao kwa zamu moja, kisha hawawezi kurudia mpaka wakae zamu nzima bila kusogea. Aliyewahi kumtazama paka akimvamia panya anaitambua kanuni hiyo bila kuelezwa. Watu-kobe, tortle, hawavai deraya kabisa kwa sababu gamba lao linawapa ulinzi wa 17, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ndipo pigo limpate, tangu siku ya kwanza. Wakijikunja ndani ulinzi unapanda hadi 21, lakini wakiwa humo hawatembei. Hebu fikiria mchezaji anayeamua, rafiki yake akiwa anavuja damu hatua chache mbele, kama atoe kichwa au asitoe. Kanuni fupi imeleta swali la moyo.

Kipimo changu ni hiki: ondoa masikio, mkia na manyoya katika maelezo, ubaki na kanuni peke yake. Kama mchezaji bado anafanya maamuzi ambayo binadamu wa kawaida asingeyafanya, hiyo ni mbari. Kama hakuna kilichobadilika, ni vazi la sherehe.

Nichukue mfano mmoja niujenge mpaka mwisho. Nimemchagua fisi, kwa sababu ametukanwa kwa pande zote. Huku kwetu ni mlafi, mpumbavu na kipando cha wachawi usiku. Methali nayo inasema, "Fisi akimla muwele, mzima funga mlango." Katika Dungeons & Dragons watu-fisi wanaitwa gnoll. Kufikia 1977 walishachorwa kama watu wenye vichwa vya fisi, na kwa miaka mingi kazi yao imekuwa kupora, kula watu na kuuawa na wachezaji.

Sasa tuwasikilize waliokesha na fisi wenyewe. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mholanzi Hans Kruuk alikuwa Serengeti na Ngorongoro akiwafuatilia usiku. Aligundua kwamba fisi madoa wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba ndani ya kreta ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuwa akija kunyang'anya. Asubuhi watalii walimkuta simba anakula na fisi wamekaa pembeni, wakadhani wanasubiri makombo. Walikuwa wanasubiri mali yao.

Kuna zaidi. Jike ni mkubwa kuliko dume, na ndiye anayetawala. Mtoto hurithi cheo cha mama yake. Dume akishakua kwa kawaida huondoka kwenye ukoo aliozaliwa, akaanza upya ukoo mwingine, chini kabisa. Kila fisi ana mlio wake, na wenzake wanaujua ni wa nani hata kutoka umbali wa kilomita kadhaa. Kile kicheko tunachokiogopa, mara nyingi ni sauti ya fisi anayefukuzwa au mwenye wasiwasi. Anaogopa, na sisi tunasikia dhihaka.

Nilipoyajua haya mbari ilianza kujijenga yenyewe. Sikuhitaji kubuni mengi, nilihitaji kuchagua, na ninapendekeza usizidi mambo manne, kwa sababu mchezaji hawezi kukumbuka mengi zaidi huku anahesabu dadu.

Jambo la kwanza ni mlio. Mara moja kwa siku mtu-fisi anaweza kuita, na kila anayemfahamu aliye ndani ya kilomita tano anajua ni nani anayeita na yuko upande gani. Adui naye anasikia, ingawa hajui ni nani. Kanuni hii haiongezi hata pointi moja ya kupiga, lakini siku kundi litakapotawanyika msituni itakuwa na thamani kuliko upanga. Jambo la pili ni mbio ndefu. Fisi hamshindi swala kwa kasi ya kufumba na kufumbua, anamchosha, kwa hiyo mtu-fisi haongezewi kasi hata kidogo, ila uchovu wa safari hauanzi kumhesabia mpaka wenzake wameshaanguka. La tatu ni taya: anavunja mfupa na kula kilichomo, hivyo njaa haimtishi mahali penye mizoga, na kwa kung'ata anaumiza kama anayepiga kwa rungu.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni udhaifu. Mtu-fisi akishikwa na hofu, anacheka. Hawezi kujizuia. Akiwa amejificha, kicheko kinamtoa. Akiwa mbele ya hakimu wa kibinadamu anayemtuhumu kwa wizi, anacheka, na ukumbi mzima unaona mtu asiye na aibu. Mbari isiyo na kitu cha kuiumiza mwenye nayo huchezwa wiki mbili ikasahauliwa.

Hapo lazima niweke tahadhari, kwa sababu udhaifu nao unaweza kuzidi. Dungeons & Dragons wana watu-kunguru, kenku, ambao katika matoleo ya nyuma walikuwa wamelaaniwa wasiwe na sauti yao wenyewe: wangeweza kusema tu maneno na milio waliyowahi kuisikia kwa wengine. Kama hadithi, ni laana nzuri mno. Mezani ilimbana mchezaji katika mchezo ambao kazi yake kubwa ni kuongea. Mwaka 2022 laana hiyo iliondolewa na wakapewa usemi wa kawaida. Kicheko cha mtu-fisi kinamkatiza mchezaji mara moja moja, hakimfungi mdomo.

Nguvu nayo inazidi. Watu-ndege, aarakocra, walipewa mabawa tangu ngazi ya kwanza, yaani mhusika anapoanza tu, na kwa zamu moja waliruka mita 15 wakati binadamu anatembea mita 9. Mwendesha mchezo anachora shimo refu, ukuta wa ngome, mto wenye mamba, na mchezaji mmoja anavipita vyote angani huku wenzake wanabaki chini kumtazama. Ndiyo maana meza nyingi zimewakataza. Ukubwa unaleta shida ya aina hiyo hiyo. Watu-tembo, loxodon, wana urefu wa zaidi ya mita mbili, lakini kanuni zinawahesabu kama viumbe wa saizi ya kati, kwa kuwa kiumbe mkubwa kamili angejaza miraba minne ya ramani na kuziba korido nzima. Mkonga wao unaweza kubeba na kushika vitu, ila hauruhusiwi kutumia silaha. Bila katazo hilo kila mtu-tembo angekuwa na mikono mitatu vitani. Kabla ya kuongeza uwezo wowote, jiulize utatumika mara ngapi kwa jioni moja, na kama unamnyang'anya mwenzako kazi aliyokuja kuifanya.

Hadi hapa nimezungumzia mwili. Utamaduni ni upande mwingine, na hapo ndipo makosa yanapouma watu walio nje ya mchezo. Agosti 2022 watengenezaji wa Dungeons & Dragons walitoa upya mbari ya watu-nyani, hadozee, na kuwapa historia hii: walikuwa wanyama wa kawaida, mchawi akawakamata, akawapa akili kwa dawa ili awauze kama askari watumwa, kisha wanafunzi wake wakawakomboa. Wasomaji wengi waliona haraka kilichofanana na nini: viumbe wa sura ya nyani, minyororo, wakombozi kutoka nje. Wiki chache baadaye kampuni iliomba radhi na kuifuta historia hiyo. Msomaji wa Bagamoyo au Unguja hahitaji kuelezwa kwa nini iliuma. Neno lenyewe la Kiingereza lililotumika tangu mwanzo kwa mbari, race, ambalo pia ndilo la kuwagawa binadamu kwa rangi, liliachwa katika toleo la 2024 na mahali pake pakawekwa spishi. Mshindani wao Pathfinder alikuwa ameshaliacha tangu 2019, akachagua neno la nasaba.

Kwa hiyo sisemi kwamba watu-fisi wote wana heshima kwa mama zao, wala kwamba wote ni wapole wanaoonewa. Hiyo ni sifa ya kulazimishwa, na kulazimisha wema ni kosa lile lile lililogeuzwa. Ninachoandika ni hali wanayozaliwa ndani yake: cheo kinatoka kwa mama, na kijana wa kiume anatazamiwa kuondoka. Kila mmoja ataijibu hali hiyo kwa njia yake. Na tazama ilivyotatua swali linalowasumbua wachezaji wapya kila mara, la kwa nini mhusika wao ameacha nyumba na kufuata hatari. Mwanamume wa watu-fisi hahitaji kijiji chake kichomwe moto ili aingie njiani. Amefika umri, amewaaga dada zake, anatafuta watu watakaomkubali hata kama ni kwa nafasi ya chini, na kundi la wachezaji wengine ndilo watu hao. Mwanamke wa watu-fisi akiwa njiani, kila anayewajua atauliza kimemtoa nini. Huenda mama yake ni wa cheo cha mwisho na amekataa kukirithi. Huenda ni binti wa mtawala, anamtafuta kaka yake aliyeondoka miaka mitatu iliyopita, na kila usiku anapanda mahali pa juu, anaita mara moja, kisha anakaa kimya kusikiliza.