Wivu wa Kupindukia na Sauti Zisizonyamaza: Tunayoambiana Nairobi na Ukweli Wenyewe

"Mume asiye na wivu hana mapenzi."
Wivu wa kawaida hupoa mtu akipata jibu. Wa ugonjwa hauna jibu linaloutosha. Mwaka 1955 madaktari Todd na Dewhurst waliupa jina la Othello, yule mume wa Shakespeare. Huwapata wanaume kwa wanawake, na mara nyingi huandamana na ulevi, skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo), au hata ugonjwa wa Parkinson na baadhi ya dawa zake.

"Mwonyeshe ushahidi, atatulia."
Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Tuseme mume yuko Umoja, mkewe anauza mitumba Gikomba. Akichelewa nusu saa, mume ananusa nguo, anapekua meseji za M-Pesa. Mke anaapa, anatoa simu. Mume anatulia hadi usiku, kisha anauliza: mbona meseji ni chache hivi, nyingine umefuta? Kila kiapo kinazaa swali jipya.

Tiba ya fikra na tabia, ambayo ni tiba ya mazungumzo, haishindani na imani hiyo. Mtaalamu humwomba mume aandike kila sababu inayoweza kumchelewesha mke: jam ya Jogoo Road, matatu iliyogoma kuondoka kabla ya kujaa, mteja wa mwisho anayevutana bei. Kila sababu anaipa asilimia yake. Usaliti aliouamini kwa 100 ukishuka hadi 70, tayari pana pa kushika. Kisha hujaribu siku mbili bila kugusa simu ya mke, akiandika wasiwasi unavyopanda na kushuka. Mara nyingi hushuka wenyewe, ila upekuzi haukuwahi kumpa nafasi ya kuliona hilo.

"Kama mke kweli ana mpango wa kando, basi mume ni mzima."
Si lazima. Daktari hutazama imani ilivyojengwa. Anayeapa kwamba amesalitiwa kwa kuwa pazia limesogea anahitaji msaada, hata kama mpango wa kando upo.

"Usimuulize sauti zinasema nini, utazichochea."
Kumuuliza kwa utulivu mgonjwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii hakuzichochei. Huja saa ngapi? Humwamuru nini? Zilipomtisha kwamba asipotii atakufa, ilikuwaje? Wengine hupata nafuu kwa kuimba chinichini, kusoma kwa sauti au kuvaa spika za masikioni. Anaweza kuendelea kuzisikia na bado akarudi kazini, na hayo ni mafanikio. Akisema ni mapepo, mtaalamu mzuri hambishii.

"Mazungumzo yanatosha, dawa zinapumbaza."
Kwa skizofrenia, kawaida tiba ya fikra na tabia huenda pamoja na dawa. Aaron Beck, daktari wa akili aliyeanzisha tiba hii, aliandika kuhusu mgonjwa wa aina hii mwaka 1952, na mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka vikao visivyopungua 16. Faida yake ni ya wastani, kwa hiyo anayekuahidi muujiza kwa vikao viwili anataka pesa zako. Na kutumia jina la Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, kama tusi, sisi wa Nairobi, kunawachelewesha watu kutafuta daktari.

"Ni mambo ya nyumba yao, tusiingilie."
Wivu huu umeua. Kukiwa na vitisho, kipigo au silaha, ushauri wa wanandoa usubiri: mwenye kutishiwa aondoke kwanza, hata kama mgonjwa ameanza tiba. Namba ya 1195 ya ukatili wa kijinsia hupigwa bure.